Programu imetaja spishi 312 katika msitu mmoja: niamini lipi?

"Nilifunga vinasa sauti viwili katika msitu mdogo kwa wiki 6, kila kimoja kikirekodi saa 10 kwa siku, usiku hadi asubuhi. Nimepitisha rekodi zote katika programu ya BirdNET, inayotambua ndege kwa milio yao, bila kugusa mipangilio yoyote, nayo imenipa jedwali lenye mistari zaidi ya 46,000 na spishi 312, wakiwemo ndege wa baharini na wengine ambao vitabu vinasema wanaishi bara jingine kabisa. Wakati huohuo, bundi niliyemsikia kwa masikio yangu usiku niliokwenda kubadilisha betri hayumo hata mara moja, na vyura waliojaa bwawani hawakutajwa. Je, programu imeharibika? Mwenzangu ananishauri nichukue tu mistari yenye alama ya 0.9 kwenda juu, kwa kuwa hiyo ni kweli kwa asilimia 90. Nifanye hivyo, au itanibidi nisikilize saa zote 840? Naweza kusema kuna ndege wangapi? Na faili zimejaza diski yangu. Nikishapata jedwali naweza kuzifuta?"

Ndugu msomaji, programu yako haijaharibika, na kwa jinsi ulivyoieleza kazi yako, rekodi zako huenda ni nzuri kuliko unavyodhani. Ninavyokuelewa, una hofu mbili zinazovutana: ukiiamini programu utaandika ndege ambao hawajawahi kutua katika msitu huo, na ukiikataa utakuwa umejitwika saa 840 za kusikiliza, ambazo mtu anayefanya kazi saa 8 kwa siku angezimaliza kwa siku 105. Njia ya kutokea ipo, lakini inaanza na kulisoma jedwali kwa jicho jingine. Hiyo mistari 46,000 si orodha ya wanyama waliopo msituni. Ni orodha ya mahali ambapo programu inakuambia, "kasikilize hapa kwanza."

Ili hilo lieleweke, tutazame kinachofanyika ndani. BirdNET, iliyotengenezwa na Maabara ya Ornitholojia ya Cornell ya Marekani kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz cha Ujerumani, haisikilizi rekodi kama unavyosikiliza wewe. Huikata vipande vya sekunde 3, kila kipande hukigeuza picha iitwayo spektrogramu, kisha huichunguza picha hiyo. Muda hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, masafa ya sauti hupanda kutoka chini kwenda juu, na nguvu ya sauti huonekana kama wino mzito au mwepesi. Mluzi unaoshuka huchora mstari ulioinama kama ubavu wa kilima. Njiwa huacha vijiti vifupi, vinene, karibu na sakafu ya picha. Nyenze hupiga mkanda mmoja mpana unaovuka picha nzima bila kukatika. Na matone ya mvua yanayoangukia boksi la kinasa huacha mistari myembamba ya wima kama meno ya kitana. Mtandao wa neva bandia, ambao umekwisha kuonyeshwa picha nyingi sana za aina hiyo zikiwa na majina yake, huilinganisha michoro na kutoa alama, kati ya 0 na 1, kwa kila spishi ambayo mtandao huo unaijua. Kazi hiyo hurudiwa mara 1,200 kwa kila saa ya rekodi. Kwa saa zako 840, programu imejibu swali lilelile mara 1,008,000. Iweke akilini namba hiyo, maana tutairudia.

Picha hizo za mafunzo zilitoka kwa sehemu kubwa katika hazina za sauti kama xeno-canto, iliyoanzishwa mwaka 2005, na Maktaba ya Macaulay ya hapohapo Cornell. Rekodi za humo kwa kawaida zilichukuliwa na mtu aliyemwona ndege, akamwelekezea maikrofoni na kusubiri alie. Kinasa chako kimefungwa kwenye shina la mti, kinasikiliza pande zote kwa pamoja, na ndege anayelia yuko mita 80 nyuma ya majani, mlio wake ukiwa umegonga vigogo kadhaa na kurudi na mwangwi. Ni kama mwanafunzi aliyefundishwa sura za watu kwa picha za pasipoti, kisha akapelekwa uwanjani jioni akaambiwa awatambue watu walewale wakiwa upande wa pili, wamempa mgongo. Atawapata wengi, na ni jambo la kustaajabisha kwamba anawapata. Lakini atakosea kwa namna ambayo picha za pasipoti hazikumwandaa.

Jambo la pili ni kwamba programu haina neno "sijui" katika msamiati wake. Dunia ina takriban spishi 11,000 za ndege, na toleo la 2.4 la BirdNET linajua zaidi ya 6,000. Mlio ambao haumo katika mafunzo mara nyingi hupata alama ndogo kwa kila jina, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Lakini mara nyingine huangukia jina lenye mchoro unaofanana nao, na alama ikapanda vizuri tu. Ndivyo chura anavyoweza kuwa bundi, na breki ya baiskeli kuwa ndege wa pwani.

Hapo ndipo walipotokea wageni wako wa baharini. Usipoiambia programu latitudo, longitudo na wiki ya mwaka, itatafuta katika majina yake yote ya dunia nzima. Jaza nafasi hizo, ukikumbuka kwamba programu hii huhesabu wiki 48 kwa mwaka, nne kwa kila mwezi, kisha irudie kazi yote. Sehemu kubwa ya majina ya ajabu itatoweka. Hata hivyo, kichujio hicho kimejengwa juu ya kumbukumbu za watazamaji wa ndege waliotuma walichokiona katika mfumo wa eBird, na penye watazamaji wachache kinaweza kumwondoa ndege ambaye wenyeji wanamwona kila siku. Kwa hiyo mimi hupendelea kuitoa orodha ambayo programu inapendekeza kwa mahali husika, nikaongeza kwa mkono spishi zinazojulikana na vitabu vya eneo hilo na watu wanaoishi hapo, nikaondoa zisizowezekana, kisha nikairudishia programu orodha hiyo itumie badala ya yake. Kazi hiyo huchukua alasiri moja na hukuokoa na wiki za kubishana na jedwali.

Sasa nije kwenye ushauri wa mwenzako, ambao umeenea sana na ambao ningependa uuache. Alama ya 0.9 haimaanishi kwamba jibu ni kweli kwa asilimia 90. Ni kipimo cha jinsi mchoro ulivyokubaliana na kile ambacho mtandao ulijifunza kuhusu spishi hiyo moja, na kila spishi ina mizani yake. Ukitazama safu za alama utaona kwamba kipande kimoja kinaweza kupewa 0.8 kwa ndege mmoja na 0.7 kwa mwingine kwa wakati mmoja. Kama zingekuwa sehemu za uwezekano wa jibu moja, zisingezidi 1 kwa jumla. Kwa ndege mwenye mlio wa pekee, alama ya 0.3 inaweza kuwa sahihi karibu kila mara. Kwa mwingine ambaye mlio wake ni mluzi mmoja mfupi kama wa ndege wengine kumi, hata 0.95 inaweza kuwa ya kubahatisha.

Kuna sababu nyingine, ambayo watu wachache huifikiria, nayo haitokani na udhaifu wa programu bali na hesabu yenyewe. Rudi kwenye vipande vyako milioni moja. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba programu humnasa njiwa wa kawaida mara 70 katika kila milio yake 100, na kwamba humtaja kimakosa katika kipande 1 kati ya 1,000 ambavyo hayumo. Njiwa huyo amelia katika vipande 20,000: utapata majibu 14,000 ya kweli na karibu 1,000 ya uongo, yaani zaidi ya 93 katika kila 100 ni sahihi. Chukua kigong'ota adimu ambaye programu inamtambua kwa ustadi uleule kabisa, ila yeye amelia katika vipande 200 tu. Utapata majibu 140 ya kweli, na bado utapata yale 1,000 ya uongo, kwa sababu vipande ambavyo hayumo ni vilevile milioni moja. Sasa sahihi ni kama 12 tu katika kila 100. Ustadi haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni uhaba wa ndege. Ndiyo maana spishi adimu, ambazo ndizo hutusisimua, ndizo zinazodai sikio la mtu kuliko nyingine zote, na ndiyo maana rekodi ndefu huleta aibu ambazo rekodi ya dakika 5 haiwezi kuleta.

Nizungumze kwa yaliyonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilishangilia kwa karibu wiki nzima kasuku ambaye hakuna aliyekuwa amemwandika katika msitu niliofanyia kazi, tena kwa alama za juu. Nilipokuja kuzipanga saa alizolia, niliona kwamba hakulia alfajiri hata siku moja; alipenda saa 8 mchana, siku zenye upepo, na kinasa cha pili kilichokuwa mita 200 kutoka hapo hakikumsikia kamwe. Nilirudi msituni, nikakaa chini ya mti, na upepo ulipovuma nikamsikia kasuku wangu: kamba niliyofungia kinasa ilikuwa ikisuguana na gome. Tangu hapo, kabla sijasikiliza chochote, huchora kwanza grafu ya saa za siku kwa kila spishi. Ndege wa alfajiri anayelia usiku wa manane, au spishi inayojitokeza katika kinasa kimoja tu siku za mvua tu, hujisema yenyewe.

Hapa naomba ukague saa ya kinasa pia. Vinasa vingi vidogo, AudioMoth kikiwa kimojawapo, huandika majina ya faili kwa saa ya dunia, UTC, mpaka uviambie vinginevyo. Ukiongeza juu yake mazoea yetu ya kuhesabu saa kuanzia mapambazuko, mchanganyiko unaoweza kutokea katika daftari lako ni mkubwa. Amua mfumo mmoja, uandike juu ya jedwali, na usiuache.

Njia ninayokupendekezea ya kutenganisha pumba na mchele ni hii. Endesha programu upya kwa kizingiti cha chini, yaani alama ndogo kabisa inayokubaliwa katika jedwali, kama 0.1, ukiwa na orodha yako mpya ya spishi. Jedwali litakuwa refu zaidi, na hilo lisikutie hofu, maana hutalisoma lote. Chagua spishi ambazo kwa kweli zina uzito katika swali lako, labda 12. Kwa kila moja, gawa majibu katika makundi kulingana na alama, kwa mfano 0.1 hadi 0.3, 0.3 hadi 0.5, na kuendelea, kisha chota kwa bahati nasibu vipande 20 kutoka kila kundi. Sisitizo langu liko kwenye maneno "kwa bahati nasibu". Wengi husikiliza vipande vya alama za juu kabisa, wakaridhika, wakadhani wamekagua kazi. Walichokagua ni wanafunzi waliokaa mstari wa mbele. Vipande hivyo vichanganye, vipe majina yasiyoonyesha alama, uvisikilize bila kujua programu ilisema nini kwa kiasi gani, ukiandika ndiyo, hapana, au sijui. Sikio linalojua kwamba alama ni 0.94 husikia kile lilichoambiwa lisikie.

Ukimaliza, utaona kwa kila spishi mahali ambapo "hapana" zinapungua na "ndiyo" zinatawala. Hicho ndicho kizingiti cha spishi hiyo katika msitu huo kwa kinasa hicho. Mwenye ujuzi wa takwimu anaweza kupitisha regresheni ya lojistiki katika majibu hayo na kukuambia ni alama ipi inalingana na uwezekano wa 0.9 au 0.95 wa kuwa kweli. Hapo ndipo neno asilimia linapopata haki ya kutumika. Kwa hesabu ya harakaharaka, vipande 100 kwa spishi, kila kimoja kikichukua sekunde 15 pamoja na kurudia, ni dakika 25. Spishi 12 ni saa 5. Linganisha na 840.

Niongeze angalizo ambalo litakupunguzia kazi. Ikiwa unachotaka ni orodha ya spishi zilizopo tu, huhitaji vizingiti vyote hivyo: kwa kila spishi tafuta kipande kimoja au viwili visivyo na shaka, ukianzia alama za juu, uvihifadhi kama ushahidi, uendelee na nyingine. Vizingiti vinahitajika unapotaka kusema jambo kuhusu kiasi, kwa mfano kwamba ndege fulani alilia zaidi mwezi huu kuliko uliopita, au zaidi upande wa bwawa.

Tuje kwa bundi wako. Una bahati kubwa, kwa kuwa unajua usiku na saa. Fungua faili hiyo katika Audacity au Raven Lite, ambazo zote hupatikana bure, uitazame spektrogramu chini ya kilohezi 1 (mitetemo 1,000 kwa sekunde), kwa maana milio mizito ya bundi wengi hukaa huko chini. Ukimsikia na kumwona, basi kinasa kilimkamata na programu ikampita. Inawezekana jina lake halimo kabisa katika majina inayoyajua. Inawezekana upepo, ambao nao hukaa chini, umemfunika. Au mlio wake mrefu umekatwa katikati na mpaka wa sekunde 3, kila upande ukibaki na nusu isiyofanana na kitu. Kwa tatizo hilo la mwisho kuna dawa: ipangie programu vipande vipandiane kwa sekunde 1.5, na mlio uliokatwa katika kipande kimoja una nafasi nzuri ya kuwa mzima katika kinachofuata. Kazi itachukua muda mara mbili, na inafaa.

Usipomwona wala kumsikia, basi kinasa hakikumkamata, na hakuna programu itakayomtoa mahali asipokuwepo. Masikio yako ni mawili, yanajua kugeuka kuelekea upande wa sauti, na nyuma yake kuna akili inayoweza kuusukuma kando mlio wa nyenze na kumsikiliza bundi. Maikrofoni moja iliyofungwa mtini haina uwezo huo. Kagua kama kinasa kilipangiwa kukata sauti za chini ili kupunguza upepo, jambo ambalo humkata bundi pamoja nao. Kagua pia kasi ya kuchukua sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde kinasa huipima sauti. Kinasa kinachochukua sampuli 48,000 kwa sekunde hufikia kilohezi 24, nusu ya namba hiyo, na hicho kinawatosha ndege. Kinachochukua 16,000 huishia kilohezi 8, na milio ya baadhi ya ndege wadogo inayopanda juu ya hapo hupotea. Popo wengi hulia juu ya kilohezi 20 na hudai sampuli 192,000 au zaidi, hivyo usiwatafute katika rekodi hizi.

Bundi mmoja uliyemsikia ana maana pana zaidi: wako wangapi wengine waliokosekana ambao wewe hukuwasikia? Hilo halijibiwi na jedwali, kwa kuwa jedwali lina walionaswa tu. Chota kwa bahati nasibu dakika 120 kutoka rekodi zote, dakika mojamoja, zisikilize zote bila kutazama majibu ya programu, uandike kila unachokitambua. Ni saa 2 za kusikiliza, tuseme 4 kwa uaminifu, kwa sababu utarudia. Kisha linganisha. Mara nyingi mtu hugundua kwamba ndege wa mbali na wanaolia kwa pamoja alfajiri ndio programu huwapoteza zaidi, na hilo huzuia makosa mabaya ya kuandika kwamba saa yenye kelele nyingi ndiyo yenye ndege wachache.

Kuhusu vyura, programu haikukosea. Uliiuliza kitu isichokijua vizuri. BirdNET ni ya ndege kwanza, ingawa imewekewa majina machache ya vyura, wadudu, mamalia na sauti kama injini na watu. Una njia tatu. Ya kwanza ni kulinganisha kiolezo: unakata mlio mmoja safi wa chura kutoka rekodi zako, kisha programu kama Arbimon inatafuta milio inayofanana nao katika faili zote. Ya pili ni kuzipanga sauti katika makundi yanayofanana bila kuzipa majina, kama inavyofanya Kaleidoscope Pro, ambayo hulipiwa, kisha wewe unayapa makundi majina. Ya tatu ni kufundisha kitambuzi chako mwenyewe juu ya msingi wa BirdNET au wa Perch ya Google, kwa mifano makumi kadhaa ya kila spishi pamoja na mifano ya kutosha ya vitu visivyo spishi hiyo, yaani mvua, nyenze, upepo, na vyura wengine. Wengi husahau hayo ya mwisho, wakapata kitambuzi kinachoita kila kitu chura. Kwako wewe ningeanza na kiolezo, kwa sababu mlio wa chura dume wa spishi moja haubadilikibadiliki sana, na kiolezo huonyesha makosa yake waziwazi. Lakini kwaya ya bwawa zima ikishaanza, milio huungana kuwa ukuta mmoja katika picha, na hapo hakuna njia kati ya hizo itakayokutenganishia chura na chura. Pima saa ambazo kwaya ilianza na kukoma, na uridhike.

Swali la ndege wangapi lina jibu fupi: kwa vinasa viwili vya maikrofoni moja moja, huwezi kujua. Mistari 400 inaweza kuwa ndege 40, na inaweza kuwa dume mmoja asiyechoka aliyechagua tawi lililo juu ya kinasa. Unachoweza kukitetea ni idadi ya siku ambazo spishi imethibitishwa katika kila kinasa, na mabadiliko ya saa zake. Ukiwa na vinasa vingi zaidi vilivyotawanywa, kuna modeli za ukaliaji zinazokadiria sehemu ya eneo inayotumiwa na spishi huku zikizingatia kwamba wakati mwingine ipo na haikusikika. Modeli hizo za kawaida huvumilia kukosa, lakini huchukulia kwamba kila "yupo" ni kweli. Ukizilisha majibu ya uongo, hata machache, zitaukuza uenezi wa ndege bila kukuonya. Na kutoandikwa kwa spishi katika jedwali kusisomwe kama kutokuwepo kwake.

Kuna nyakati ambapo kompyuta haitoshi, na ningependa uzitambue mapema. Ukikuta spishi iliyo hatarini kutoweka, au isiyowahi kuandikwa mahali hapo, au ikiwa matokeo yako yatatumika kuamua kama msitu ukatwe ama uhifadhiwe, usiende mbele peke yako. Kata kipande cha WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, chenye sekunde 10 kabla na 10 baada ya mlio, ongeza tarehe, saa na aina ya mazingira, ukipeleke kwa mtu anayeijua milio ya eneo hilo: mtaalamu wa makumbusho au chuo kikuu, muongoza watazamaji wa ndege, na wala usimsahau aliyekulia kando ya msitu, ambaye huenda anamjua ndege huyo kwa jina ambalo hakuna hifadhidata inalo. Usimwambie programu ilisema nini. Mwulize tu, "Huyu ni nani?" Katika misitu yenye ndege waigaji, kama kurumbiza, mtu wa namna hiyo ndiye pekee atakayekuambia kwamba unachokisikia ni mlio wa mwewe uliotoka katika mdomo mwingine. Kisha rudi wewe mwenyewe saa ileile, ukae kimya, usikilize. Mtakwimu naye mtafute kabla hujafunga vinasa vya awamu ijayo. Wengi humtafuta baada, na baada huwa amebaki na kazi ya kuorodhesha tu yasiyowezekana.

Rekodi zako pia zitakuwa zimenasa mazungumzo ya watu waliopita karibu. Wajulishe wanaoutumia msitu kwamba vinasa vipo, vitafute vipande vyenye sauti za watu, uvifute kabla hujampa mtu mwingine faili. Mahali kamili pa spishi inayowindwa napo usipatangaze.

Vipande hivyo vya mazungumzo ndivyo pekee ninavyokushauri ufute. Kama ulirekodi kwa sampuli 48,000, biti 16, chaneli moja, kila saa ni megabaiti 345.6, na saa 840 ni kama gigabaiti 290. Naelewa kwa nini diski imejaa. Nunua diski ya nje, uzigeuze faili za WAV kuwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote cha sauti, na usizigeuze MP3, ambayo hutupa kile inachodhani sikio la binadamu halitakitamani. Pamoja nazo hifadhi jedwali, orodha ya spishi uliyotumia, namba ya toleo la programu na mipangilio yote. Toleo jipya likitoka na vyura zaidi ndani yake, utakachohitaji kulipitishia ni hizo sauti zenyewe.